Ukisikia Akikohoa, Fungua

Ugonjwa wangu ulikuwa wa kikohozi, na wala si mimi niliyekuwa nakohoa. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo wauguzi, mchungaji, mwalimu wa madrasa na mama mkwe wangu waliposhindwa kunielewa. Mtu akikohoa nyuma yangu, sokoni au ndani ya mtumbwi, masikio yalikuwa yanaziba, na nikizinduka najikuta nimekaa chini, watu wamenizunguka, sijui nimefikaje pale. Kipindi kibaya zaidi nilikuwa najikojolea, mimi mwanamke mzima mwenye mume. Sasa mchukue mtu wa hivyo umwambie aende akakae kwenye benchi la hospitali hapa Kindu wakati wa mvua, katikati ya watu wenye vifua.

Naitwa Feza. Nashona nguo Alunguli, ng'ambo ya mto, na mume wangu Amisi anabeba watu kwa pikipiki. Mtoto wetu wa kwanza ni Mwayuma, na nyuma yake kuna mvulana. Jina hilo ni la mama yangu, na kwetu mtoto aliyepewa jina la bibi yake ni somo yake. Somo ana haki zake. Mtoto akishajua kuteka maji, bibi anaruhusiwa kumdai akaishi naye, amkune mgongo, amwashie moto, na siku bibi akifa vitenge vyake ni vya yule mtoto. Hakuna mzazi anayemnyima bibi somo yake. Mimi nilimnyima mama yangu, kwa sababu mtoto wangu angekwenda kulala katika nyumba ileile iliyonipa ugonjwa huu.

Nawaandikia wanawake, na wanaume pia wapo, wanaoficha maradhi haya ndani ya majina mengine. Mmoja anasema ni presha, mwingine vidonda vya tumbo, mwingine majini. Majina hayo yote nimeyapitia.

Ilianza Mwayuma alipozaliwa. Kwetu mzazi anakandwa. Mama mkwe anachemsha maji na majani, anachovya kitambaa, anakukanda tumbo na mgongo asubuhi na jioni mpaka mwili urudi mahali pake. Mama mkwe wangu, Mama Zaituni, anasifika kwa mikono yake, wanamwita hata kwa wazazi wasio wa ukoo. Siku moja moshi wa kuni ulimwingia kooni, naye alikuwa ameinama nyuma yangu. Akakohoa. Nilipozinduka nilikuwa nimejikunyata kwenye pembe ya jiko, sufuria imepinduka, na mguu wa Mama Zaituni umeungua.

Hakunifokea. Alikaa juu ya kigoda, akaumwagia mguu maji ya baridi.

"Mimi nimekanda wazazi wa mutaa huu wote," akasema. "Huyu mutoto wa watu iko na kitu."

Basi nikaanza kutibiwa kitu. Kwa mume wangu ni Waislamu na kwetu ni Wakatoliki, kwa hiyo nilitibiwa na pande zote mbili, na upande wa tatu ukaongezwa juu. Mwalimu wa madrasa aliniandikia kombe, maandishi yanaoshwa ndani ya sahani unakunywa yale maji, nikanywa mpaka mvua zikaisha. Kiangazi kilipoingia jirani alinipeleka kwenye chumba cha maombi, nikafunga chakula huku nanyonyesha, maziwa yakapungua. Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na mafua. Kila alipokohoa kabla ya kuomba nilianguka, na kila nilipoanguka waumini walipiga makofi kwamba pepo anatoka. Alitoka mara nyingi sana yule pepo.

Mwili wangu ulikuwa unaniacha. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inateleza, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Nywele zilibaki kwenye kitana. Tumbo la chini liliniuma bila sababu yoyote iliyoonekana kwenye vipimo. Sikutaka kuguswa na mtu, na mtoto akinyonya nilikuwa naangalia ukuta nikisubiri amalize. Hilo liliniuma kuliko mengine yote, na hilo sikumwambia mtu.

Amisi alihamia kwenye mkeka wa sebuleni. Dada zake walikuja wakakaa naye nje, wakamwambia kwa sauti ambayo walitaka niisikie kwamba mwanaume hawezi kuoa ukuta. Amisi aliwasha pikipiki, akaenda kazini. Anakula vumbi la barabara kutwa nzima, kwa hiyo kila akirudi ana kikohozi, na ni yeye wa kwanza kugundua, kabla ya hospitali, kabla yangu mwenyewe. Siku moja nilimwona dirishani anatoka mbio, anavuka njia, anaenda kukohoa kwa jirani, kisha anarudi macho yamejaa machozi.

"Amisi," jirani alimpigia kelele, "kwenu hakuna nafasi ya kukohoa?"

"Mutoto analala," akajibu.

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, macho kodo. Nilicheka siku hiyo, kisha nikalia sana.

Hospitali iko ng'ambo ya pili, kwa hiyo kila kwenda ni kuvuka. Walinipa vidonge vya tumbo, wakanipa sindano, wakapima mkojo na damu, wakanipa tena vidonge vya tumbo. Sina neno nao, walitibu walichokiona. Nilichokuwa naogopa ni benchi. Nilikuwa nachagua mwisho wa benchi, mgongo ukutani, na mtu akianza kukohoa nahama. Muuguzi mmoja mtu mzima aliniona nahamahama.

"Mama, unaogopa kifua kikuu?"

"Hapana."

"Sasa unaogopa nini?"

Nilihama tena. Alinishika mkono, polepole, kwanza akiniomba ruhusa, akanipeleka nyuma ya wodi ya wazazi, kwenye kijumba ambacho watu wanakiita nyumba ya kusikiliza.

Kule nako kulikuwa na benchi. Walioketi walikuwa wanawake wa mashambani, wengine wametoka Pangi, wengine njia za Kabambare, wametembea, wamepanda magari, wamelala njiani. Aliyekaa karibu yangu alikuwa Mama Sifa, mkulima wa Pangi, na alikuwa na karanga mbichi ndani ya kitambaa. Alinigawia bila kuniuliza jina. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mhogo:

"Dada, wako walikuwa wa upande gani?"

Alikuwa anauliza wenye bunduki walionikamata walikuwa wa kundi gani. Kwenye benchi lile hakuna aliyefikiri kingine. Ukisema vita, ukisema msichana, kila mtu anaimalizia hadithi yeye mwenyewe.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sijui," akasema. "Giza lilikuwa jingi."

Nilimwonea wivu. Mungu anisamehe, lakini nasema kweli, nilimwonea wivu Mama Sifa wa Pangi na mateso yake yote. Adui yake alikuja na bunduki, akaondoka, na kijiji kizima kilijua kwamba ni adui. Wangu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Vita vilipoufunga mji nilikuwa msichana wa miaka nane. Gari la moshi lilikuwa haliji tena, chumvi ilikuwa adimu, watu wanasukuma baiskeli porini kwenda kuitafuta. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akakwama upande wa kusini, baadaye tukapata habari kwamba hayupo tena duniani. Mama alinichukua mimi na mdogo wangu wa kiume, tukahamia kwa mdogo wa baba, karibu na stesheni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, na mlango wa chuma. Baba mdogo alikuwa mtu wa heshima, anasoma somo kanisani, anagawa chumvi yake kidogo aliyo nayo. Akina mama wa mtaa walimwambia mama yangu kwamba ana bahati.

Wenye bunduki wa pande zote walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na hofu ya kila mama ilikuwa wasichana. Kila familia ilikuwa na namna yake ya kuficha. Wengine walichimba shimo chini ya kitanda, wengine waliwapaka watoto majivu na mavi ya mbuzi wanuke. Sisi tulikuwa na stoo nyuma ya nyumba, ndogo, haina dirisha, na komeo liko kwa ndani. Nilifungiwa mle mchana kutwa, siku nyingine na usiku wake. Mama ndiye aliyenipa alama.

"Ukisikia mulango unasukumwa, nyamaza kama maiti," alinifundisha, amenishika mabega. "Ukisikia mutu anaita jina lako, nyamaza, hata kama ni sauti yangu, sababu wanaweza kunilazimisha. Lakini baba mudogo atakuletea chakula, na atakohoa. Ukisikia akikohoa, njo yeye, ni yeye mwenyewe. Usiogope. Fungua."

Nilikuwa mtoto mtiifu. Nilisikia akikohoa, nikafungua.

Yaliyofuata sitayaandika. Aliyepitia anayajua, na asiyepitia hayamfai. Nitaandika tu kwamba haikuwa siku moja, kwamba iliendelea mpaka vita vikahamia kwingine na baada ya hapo pia, na kwamba kila mara ni mimi niliyelifungua lile komeo kwa mkono wangu. Kwa miaka mingi nilifikiri hilo linanifanya kuwa mkosaji. Aliniambia nikisema, mama atafukuzwa, na wenye bunduki wako barabarani. Alikuwa hasemi uongo, wenye bunduki kweli walikuwa barabarani.

Kitu kimoja nilikishika mle ndani. Uani, upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa akitwanga. Nilikuwa nausikia mchi, tu, tu, tu, na nilijiambia mama yuko karibu, anatwanga sombe, majani ya mhogo, jioni tutakula. Nilikuwa naifuata ile sauti mpaka mambo yaishe. Jioni nyingine hakukuwa na sombe wala kitu, lakini ilikuwa vita, nani atashangaa kulala njaa.

Na dalili nilizionyesha. Nawaambia hapa wazazi: nilizionyesha. Nilianza kukojoa kitandani. Nilikuwa mwimbaji, nikaacha kuimba. Nilikataa kumsalimia baba mdogo mbele ya wageni, nikachapwa kwa utovu wa adabu. Mtoto wako akikataa kumpa mtu fulani mkono, usimlazimishe, kwanza mpeleke pembeni umuulize, na ukimuuliza ukae kimya umsikilize. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunachungulia barabarani.

Matanga ya baba yalipoisha, ukoo uliamua kama ulivyozoea kuamua. Mjane akarithiwa na mdogo wa marehemu. Baba mdogo akawa mume wa mama yangu. Mimi nilikaa katika nyumba ile mpaka nilipopata sababu ya kutoka, nikavuka mto kwenda kujifunza kushona, na sikurudi kulala kule hata usiku mmoja.

Nilimwambia Mama Justine, mshauri wa ile nyumba ya kusikiliza, lakini msidhani nilimwambia siku ya kwanza. Siku ya kwanza niliongea juu ya tumbo. Siku ya pili juu ya mama mkwe. Mama Justine hakuwa malaika. Siku nyingine alikuwa na usingizi, siku nyingine ofisi imefungwa kwa sababu mishahara haijafika, na nimeshavuka mto bure. Lakini alikuwa na subira, na alikuwa hafungi mlango bila kukuuliza kama ufungwe. Mahindi mapya yalipoanza kuuzwa bandarini nilikuwa bado nasema "kile kitu". Alipochoka na "kile kitu" aliniambia, "Feza, mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema kwa maneno yako mwenyewe, hata vibaya."

Nilisema vibaya. Nilisema nikiangalia ndoo ya maji iliyokuwa pembeni. Nilipomaliza alisema, "Ulifungua kwa sababu mama yako alikuambia fungua. Mutoto wa miaka nane haifungui mulango wa zambi. Anafungua mulango tu." Nilirudi nyumbani nikalala mpaka kesho yake mchana, na Mama Zaituni ndiye aliyemwogesha mtoto.

Matibabu yenyewe ukiyaona utacheka. Hakuna sindano. Alinifundisha, mtu akikohoa, niweke nyayo zote mbili chini na niseme mahali nilipo: niko Kindu, ni mchana, nimevaa gauni la kijani nililolishona mwenyewe, huyu anayekohoa ni mzee mwenye pumu. Mwanzo ilishindikana. Baadaye nikawa naanguka lakini najua ninaanguka. Mto ulipopungua na mchanga ukaonekana katikati, nilivuka na mzee aliyekohoa njia nzima, na nilifika ng'ambo nimesimama. Aliniuliza pia kama kuna kitu cha wakati ule ambacho kilinisaidia, nikamwambia habari ya mchi. "Shika hicho," akasema. Nikashika. Nikisikia moyo unaanza, nilikuwa nautafuta ule mchi wa mama kichwani mwangu, tu, tu, tu.

Amisi nilimwambia mwenyewe, kiangazi kilekile. Alitoka, akaosha pikipiki iliyokuwa safi. Aliporudi aliniuliza kitu kimoja tu.

"Nikirudi nyumbani, niseme nini mulangoni, ujue njo mimi?"

"Niite jina."

Tangu siku hiyo anaanzia njiani, "Feza, njo mimi, Amisi," na mtaa mzima unamcheka, mwanaume gani anajitangaza kwake kama mwuza samaki. Aliacha kwenda kukohoa kwa jirani. Pete ikarudi kidoleni.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini mnaougua ugonjwa huu lazima mjue kwamba una njia ya kurudi. Wangu ulirudi Mwayuma alipofikisha miaka nane. Nilikuwa nampima gauni la sikukuu, futi iko mabegani mwake, nikaona jinsi mabega yale yalivyo madogo. Kumbe nilikuwa mdogo hivi. Futi ilianguka. Kwa wiki nzima sikuweza kushona mshono ulionyooka, na nikaanza tena kuamka nimelowa.

Ndipo mama alipovuka mto kuja kudai somo yake.

Alikuja amevaa vizuri, na kuku mkononi. Mama Zaituni alimpokea, Amisi alikuwepo, wakaongea habari za mvua na za misiba ya kwao na kwetu. Kisha mama akasema, "Somo yangu ameshakomaa. Mugongo unaniuma, niko peke yangu na muzee. Nimekuja kumuchukua."

Mwayuma alishafurahi, alikuwa anafikiria vitenge.

"Hapana, mama," nikasema.

"Hapana gani?"

"Hatakwenda kulala katika nyumba ile."

Mama alicheka kidogo, akamgeukia Mama Zaituni kama kumwomba msaada. "Musikie huyu. Mimi mwenyewe njo nilimupa hilo jina."

Nilimtuma Mwayuma dukani. Nikaweka nyayo chini. Niko Alunguli, ni asubuhi. "Mama, ulinifundisha kwamba akikohoa nifungue. Alikuwa anakohoa, nikafungua, na hakuwa analeta chakula tu. Wewe unajua ninasema nini."

Mama alimweka kuku chini, akakifunga upya kitenge chake ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Vita viliharibu akili ya kila mutu," akasema. "Yako pia." Akaondoka. Kuku alibaki anazungukazunguka uani, na Mama Zaituni, ambaye aliungua mguu kwa sababu yangu, alikuja akakaa karibu yangu, akasema, "Kumbe kitu njo hicho."

Ukoo uliitana. Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, aliongoza kikao kwake, na baba mdogo mwenyewe alikaa upande wa wanaume akiwa na kofia mapajani, mzee sasa, mashavu yameingia ndani. Sikumwangalia usoni. Nilizungumza kwa kifupi. Yeye hakusema ndiyo wala hapana, alisema hakumbuki, wakati ule watu walikuwa na njaa. Wengine waliniuliza kwa nini nilingoja mpaka leo. Baba mkubwa alisafisha koo, na mwili wangu ukaruka kwenye kiti, kila mtu akaona.

"Mwanangu," akasema, "damu ni nzito kuliko maji. Mambo ya nyumba yanaishia nyumbani. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Baba mkubwa," nikamwambia, "hii njo ndwele yenyewe. Umeiona sasa hivi."

Waliamua mbuzi. Mbuzi mmoja dume atolewe, aliwe pamoja, na mtoto aende kwa bibi yake ili amani ionekane. Niliwaambia sitamla, na mtoto haendi. Pamoja na hayo, asubuhi iliyofuata tulimkuta mbuzi amefungwa kwenye mti wa mpapai wetu, analia. Amisi alimfungua, akampakia kwenye mtumbwi, akavuka naye, akaenda kumfunga kwenye mlango wa kanisa la baba mdogo saa watu wanatoka misa. Waliomuuliza aliwajibu ni mbuzi wa nini, kwa maneno machache. Tangu siku hiyo upande wa baba hawatusalimii, na katika harusi za kwao hatualikwi. Mama alinitumia ujumbe kwamba akifa nisije kumzika.

Mama Justine aliniambia mlango wa sheria upo, na kwamba angefuatana nami. Bado sijaugonga. Siwezi kuwadanganya kwamba nina nguvu ambazo sina. Yule mzee bado yuko kule karibu na stesheni, anaota jua. Nilichoweza ni kwamba Mwayuma hajalala katika nyumba ile hata siku moja, na amefundishwa kwamba mlango wetu una majina, hauna alama. Nimemfundisha pia kwamba siri ya kumficha mama si siri ya kutunza, hata kama anayeitoa ni padri.

Mwaka ukageuka. Nilirudi kwenye benchi la nyumba ya kusikiliza, nikaanza kugawia karanga wale wanaokuja wapya. Na kiangazi kilipofika katikati, mama alivuka mto.

Hakuja na kuku. Alikuja na mkeka wake umekunjwa, sufuria, na fungu la vitenge kichwani. Nilikuwa kwenye cherehani barazani. Alisimama njiani, akaniita jina langu. Sikumwambia karibu, lakini niliinuka nikamtua mzigo.

"Nimekuja kwa somo yangu," akasema. "Yeye asilale kwangu. Mimi njo nitalala kwake."

"Na mzee?"

"Iko kule. Atajipikia."

Nilimletea maji. Alikunywa nusu, akabaki anazungusha kikombe. Nilimuuliza kwa nini sasa, kwa nini si mwaka jana mbele ya ukoo, wakati sauti yake ingenisaidia.

"Nilikuwa ninamusikia akikohoa," akasema. "Mwanzo nilikuwa ninasema, Mungu asante, mutoto iko na mutu wa kumuangalia. Kisha siku moja nikakusikia unalia mule ndani. Nilijua kilio cha mutoto wangu, haikuwa cha njaa. Nikasimama uani. Nikawaza, nikiingia, atatutupa inje sisi wote, na inje kule uliona kulivyokuwa. Nikachukua muchi."

"Ulikuwa unatwanga," nikasema.

"Nilikuwa ninatwanga ili nisisikie. Kinu kilikuwa kitupu, Feza."

Nilirudi kwenye cherehani nikamaliza mkono wa gauni la mtu, na mshono ulikwenda kombo, ikabidi niufumue wote. Kile kitu nilichokishika miaka yote ile, kile alichosema Mama Justine nikishike, sikuwa nacho tena. Msiniulize kama nimemsamehe. Siku nyingine nashindwa kula chakula alichokigusa, siku nyingine namfunika kitenge akisinzia.

Jioni ile nilimtandikia mkeka wake sebuleni, na Mwayuma akalala na mimi. Asubuhi mama aliamka mapema akitaka kuwa na kazi. Aliliona fungu la sombe, akalichambua, akalitia kwenye kinu, akaanza kutwanga. Mdogo wake Mwayuma, yule mvulana wetu, alikuwa ameanguka mlangoni na anaanza kulia, kilio cha kawaida cha goti. Mchi ukaendelea. Nilitoka mbio nikaushika mkononi mwake, ukiwa bado juu.

"Hapa kwangu, mama," nikamwambia, "mutoto akilia, mutu anaweka muchi chini."

Aliniangalia. Akauweka chini, akaenda kumwinua mtoto.